Mbwa wa Kulinda Mradi na Watoto Nyumbani: Jinsi ya Kuchagua Bila Kujuta



Kila mwaka pamba ikishauzwa, maswali ninayopokea hubadilika. Mtu ameshapata hela kidogo, amejenga banda la kuku wa mayai au ameongeza mbuzi, na sasa anaogopa wezi na fisi. Swali linakuja hivi: "Bwana mifugo, ninunue mbwa wa aina gani? German Shepherd au Rottweiler?"

Nikiuliza nyumbani kuna nani, naambiwa: "Mimi, mke wangu, na watoto watatu. Mdogo ana miaka mitatu."

Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza upya. Mbwa wa godauni lisilo na watu na mbwa wa boma lenye watoto ni mbwa wawili tofauti. Wengi wetu hatuna godauni la peke yake. Banda la kuku liko mita 20 kutoka mlango wa jikoni, na mtoto anapita hapo kila siku kuokota mayai. Mbwa utakayemleta ataishi na huyo mtoto miaka 10 au zaidi.

Leo nataka tuelewane kuhusu jambo moja. Kwa familia yenye watoto, aina ya mbwa ni swali la tatu. La kwanza ni kazi unayotaka afanye. La pili ni amezaliwa na mama gani na atakuzwa vipi. Ukijibu hayo mawili vizuri, swali la aina huwa jepesi, na mara nyingi jibu lake ni la bei nafuu kuliko ulivyodhani.

Kwanza, andika kazi yake

Chukua daftari lako la mradi, lile la kumbukumbu za mayai, uandike mbwa atafanya nini. Kwa wakulima wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kazi ni hizi:

1. Kubweka usiku mtu au fisi akisogea, ili wewe uamke.
2. Kukaa na mbuzi, kondoo au kuku bila kuwadhuru.
3. Kufukuza kicheche na wanyama wengine wanaoingia mabandani.
4. Kuishi na watoto, wageni, na vibarua wa palizi na kuvuna.

Angalia orodha hiyo vizuri. Hakuna mahali palipoandikwa "kung'ata mtu". Mwizi wa kuku anataka kimya. Mbwa anayebweka mapema na kwa sauti kubwa amekwisha kumharibia kazi, na wewe na majirani mmeshaamka. Mbwa aliyefundishwa kushambulia ni chombo cha walinzi waliosomea kumwongoza. Ukimweka kwenye boma ambamo watoto wanakimbizana na kupiga kelele, umeweka hatari ndani ya nyumba ukidhani umeweka ulinzi.

Nina mfano wa karibu. Mfugaji mmoja kijana wa kuku wa mayai alinunua mbwa mkubwa, mtu mzima tayari, kutoka kwa watu wa ulinzi waliokuwa wanapunguza mbwa wao. Aliambiwa "huyu mkali, utalala usingizi". Wiki ya pili mtoto wake wa miaka sita alifuata mpira ulioangukia karibu na sahani ya mbwa. Alingatwa mkono na shavu. Muuzaji hakuwa na kadi ya chanjo ya yule mbwa, kwa hiyo hospitalini hakukuwa na la kubahatisha: mtoto alipewa sindano zote za kichaa cha mbwa, kwa ratiba, mpaka akamaliza. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini angalia kilichotokea: mbwa alifanya alichofundishwa, yaani kulinda chake. Kosa lilikuwa kumleta mahali pasipo pake.

Kwa nini mtoto ndiye kipimo

Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Sababu zake tunaziona wenyewe. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Anamkumbatia mbwa shingoni, anamvuta mkia, anamkimbia akiogopa. Tena hasomi dalili: mbwa akikaza mwili, akigeuza kichwa na kuonyesha weupe wa macho, mtu mzima huondoka, lakini mtoto huona ni mchezo.

Na kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kubahatisha nao. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2002 walikadiria kuwa Tanzania ilikuwa inapoteza takriban watu 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu. Karibu vyote hivyo vilitokana na mbwa, na vingi vingezuilika kwa chanjo.

Kwa hiyo ukichagua mbwa, mpime kwa mtoto wako mdogo kuliko wote. Mbwa anayemfaa huyo atakufaa na wewe.

Aina tunazoulizana sana

Hapa nitasema wazi, kwa faida na hasara.

*German Shepherd.* Huyu alitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya kuchunga kondoo. Ana akili, anafundishika, na akikuzwa na watoto anawapenda. Tatizo ni kwamba anahitaji kazi na mazoezi kila siku. Ukimfunga mnyororo mwaka mzima, akili yote hiyo inageuka kuwa wasiwasi na ukali. Ana manyoya ya tabaka mbili, kwa hiyo jua letu la Septemba na Oktoba linamtesa. Nyonga zake pia zina tabia ya kuharibika, hasa kwa wale waliozalishwa ovyo kwa ajili ya biashara. Kama una muda wa kumfundisha, uzio mzuri na kivuli, anafaa. Kama huna muda, mwache.

*Rottweiler.* Ametoka mji wa Rottweil, Ujerumani, alikokuwa anaswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Dume huweza kufika kilo 50 hadi 60. Akiwa na mwenye uzoefu ni mbwa mtulivu. Lakini kilo 50 zikimrukia mtoto wa kilo 14 kwa furaha tu, mtoto anaumia. Simshauri mtu anayefuga mbwa kwa mara ya kwanza na ana watoto wadogo.

*Boerboel.* Ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, mkubwa na mwenye nguvu kuliko Rottweiler. Anapenda familia yake lakini anashuku kila mgeni. Sasa fikiria msimu wa kuvuna pamba, vibarua 15 wanaingia na kutoka. Wengi wetu hatuna uzio wala ujuzi wa mbwa huyu.

*Labrador.* Ni mpole sana kwa watoto. Ni mlafi, ananenepa haraka, na mgeni akija atamkaribisha. Kama unataka rafiki wa watoto, huyu hapa. Kama unataka mlinzi wa banda, utamlisha bure.

*Chotara.* Hapa mjini Bariadi wapo wengi, mama wa kienyeji na baba "wa kizungu". Wengine ni wazuri mno: mwili mkubwa kidogo, uvumilivu wa mama. Ila usinunue jina. Muuzaji akikwambia "huyu nusu Shepherd", nenda ukamwone mama yake kwanza.

Mbwa wa kienyeji: tunaye na tunamdharau

Sasa nifike kwa yule ninayempendekeza kwa familia nyingi za Simiyu. Yule mbwa wetu mwenye manyoya mafupi, masikio nusu wima, kilo 15 hadi 20 hivi.

Watu humwita koko kana kwamba ni takataka ya mbwa wengine. Si kweli. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009, uliochukua sampuli za mbwa wa vijijini wa nchi kadhaa zikiwemo Uganda, Misri na Namibia, ulionyesha kwamba wengi wa mbwa wa Uganda na Misri ni wa asili ya hapa hapa Afrika. Hawakutokana na mchanganyiko wa mbwa wa Ulaya waliotoroka. Ni aina yenyewe, iliyochujwa na jua, kupe na njaa kwa miaka mingi sana.

Faida zake kwa mkulima:

- Anavumilia joto na hahitaji chakula kingi.
- Ana sikio jepesi. Atabweka kabla hujasikia chochote.
- Uzito wake haumuangushi mtoto kirahisi.
- Kwa vizazi vingi ameishi kati ya watoto, mbuzi na kuku. Wale waliokuwa wakali kwa watoto wa boma hawakuachwa wazae.

Kwenye kulinda mifugo pia tuna ushahidi kutoka kwa majirani. Nchini Namibia, Cheetah Conservation Fund imekuwa ikizalisha mbwa wa Anatolia tangu 1994. Hawa ni mbwa wakubwa wa wachungaji wa Uturuki, na wakulima hupewa ili walinde mbuzi dhidi ya duma na wanyama wengine. Mbwa wa namna hiyo waliletwa hata hapa Tanzania, kwa wafugaji wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha mkoani Iringa. Wanafanya kazi, lakini ni wakubwa, wanakula sana na ni ghali kuwaleta. Botswana walijaribu njia nyingine: wakachukua mbwa wa kienyeji wa Kitswana, wakawakuza na mbuzi tangu wadogo. Watafiti wakakuta wanalinda vizuri sawa na wale wa nje, kwa gharama ndogo zaidi.

Nisieleweke vibaya. Si kila mbwa wa kienyeji anafaa. Yule anayezurura sokoni, hajui mwenye, anaogopa kila mtu kwa sababu amepigwa mawe maisha yake yote, huyo usimlete kwa watoto. Nazungumzia mtoto wa mbwa kutoka boma unalolijua, kwa mama unayemjua.

Jinsi ya kuchagua mtoto wa mbwa

Nenda mwenyewe, na kama inawezekana nenda na watoto wako.

*Mwangalie mama.* Hili ni la kwanza kwa umuhimu. Mama mbwa akiwa na watoto wachanga atakubwekea, hiyo ni haki yake. Lakini mwenye mbwa akimwita, atulie. Uliza: anaishi na watoto? Amewahi kung'ata mtu? Anakula mayai? Anafukuza kuku? Tabia ya mama inarithiwa, na watoto wake wanaiga pia.

*Umri.* Usimchukue kabla ya wiki 8. Akiwa na mama na ndugu zake, ndipo anapojifunza kupunguza nguvu ya meno. Aliyeondolewa wiki ya 4 huwa anang'ata kwa nguvu hata akicheza.

*Tabia yake.* Kaa chini, usimwite. Mtoto wa mbwa anayefaa familia atakuja mwenyewe, atakunusa, ataondoka na kurudi. Yule anayewakandamiza wenzake wote muache. Yule aliyejificha kwenye kona anatetemeka muache pia, hata ukimwonea huruma, maana mbwa mwoga ndiye hung'ata zaidi. Angusha mfuniko wa sufuria pembeni: kushtuka ni sawa, muhimu arudi kuangalia ni nini. Kisha mlaze chali mkononi kwa nusu dakika, taratibu. Akipapatika kidogo kisha akatulia, vizuri.

*Afya.* Macho safi, pua bila makamasi, tumbo lisilojaa kama ngoma (hiyo ni minyoo), ngozi bila mabaka ya upele, kinyesi kilichoshikana.

*Jike au dume?* Kwa familia yenye watoto, mimi hupendekeza jike, au dume atakayehasiwa na daktari. Dume asiyehasiwa huzurura akifuata majike, hupigana, hugongwa na bodaboda, na hurudi na magonjwa. Jike naye, usipotaka watoto kila mwaka, ongea na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi.

Miezi minne ya kwanza ndiyo inayomtengeneza

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ubongo wa mbwa uko wazi. Anachokiona kipindi hicho bila kuumizwa, atakihesabu kuwa ni cha kawaida maisha yake yote. Baada ya hapo, kila kigeni ni cha kushuku.

Kwa hiyo tengeneza ratiba. Wiki hii azoee kuku: mweke ndani ya tenga karibu na banda, awaone wakila, akitulia mpe kipande cha dagaa. Wiki ijayo mbuzi. Kisha bodaboda, mzee mwenye fimbo, mwanamke mwenye ndoo kichwani, watoto wa jirani, mtu mwenye bomba la kunyunyizia dawa mgongoni. Kabla hajamaliza chanjo usimshushe mahali mbwa wengi wanapopita, mbebe.

Mzoeze kuguswa masikio, miguu na mdomo. Mzoeze mtu kusogea akiwa anakula: mpite ukimwongezea kitu kitamu kwenye sahani, ili ajue mkono wa mtu huleta na hauporii. Usimpige. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo hujifunza kuuogopa mkono, na mkono mdogo wa mtoto ndio utakaolipa.

Halafu kuna mnyororo. Mbwa wa kufungwa usiku na mchana kwenye mnyororo mfupi huwa mkali, hana pa kukimbilia akiogopa isipokuwa kung'ata. Jenga kibanda chenye kivuli na wigo, hata wa miti na miiba ya migunga. Mchana watu wakiwa wengi akae humo, usiku mfungulie. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakutaka umtunze mnyama wako bila kumtesa, mbwa akiwemo.

Chanjo: hapa ndipo Simiyu inatofautiana na wengine

Mkoa wetu unapakana na Serengeti na Pori la Akiba Maswa. Hilo si jambo la watalii tu.

Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaoanza na homa na makamasi na kuishia na kutetemeka na kifafa, uliingia kwa simba wa Serengeti. Takriban theluthi moja ya simba walikufa, karibu 1,000. Watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Baada ya hapo zikaanza kampeni za kuchanja mbwa kwenye vijiji hivyo, na upande wetu huu wa magharibi nao ukahusika.

Matokeo yake kwa binadamu ndiyo yanayonivutia zaidi. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, kampeni zilizoanza 1996 zilichanja zaidi ya asilimia 60 ya mbwa. Kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Idadi ya watu waliong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa nayo ikashuka. Hakuna aliyebadilisha aina ya mbwa. Walikuwa ni hawa hawa wa kienyeji, ila wamechanjwa.

Ndiyo maana nasema: mbwa wa kienyeji mwenye kadi ya chanjo ni salama kwa mtoto wako kuliko mbwa wa bei mbaya asiyekuwa nayo.

Ratiba ya kushika:

- Dawa ya minyoo: kuanzia wiki ya 2, kila wiki mbili hadi wiki ya 12. Kisha kila mwezi hadi miezi 6. Baada ya hapo kila miezi mitatu.
- Distempa na parvo: sindano ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki tatu hadi nne mpaka afike wiki ya 16.
- Kichaa cha mbwa: miezi 3. Irudiwe baada ya mwaka, na kuendelea kama daktari atakavyoelekeza.

Kampeni ya chanjo ikitangazwa kijijini kwako, mpeleke mbwa, na umshawishi jirani. Virusi havijui mpaka wa shamba lako.

Mambo matatu mengine ambayo huku kwetu yanaua mbwa au kuwadhuru watoto:

Dawa za pamba si dawa za kupe. Nimeona watu wakimwogesha mbwa kwa kiuatilifu kilichobaki kwenye bomba. Mbwa anajilamba, anatetemeka, anakufa. Na mtoto aliyemkumbatia naye ameshika sumu. Nunua dawa ya kuogesha mifugo kwenye duka la pembejeo na ufuate kipimo kwa mbwa.

Mahindi yenye ukungu. Yale tunayoyatenga tukisema "haya ya mbwa" yana sumukuvu, na sumukuvu huharibu ini la mbwa haraka. Usimpe mbwa, usiwape na kuku.

Nyama mbichi ya machinjo ya nyumbani. Maini na mapafu yenye malengelenge ya maji yana mabuu ya minyoo tegu. Mbwa akiyala, mayai ya minyoo hutoka kwenye kinyesi, yanafika mikononi mwa mtoto, na mtoto anaota uvimbe ndani ya ini au mapafu. Chemsha au fukia, usimtupie mbwa.

Kanuni za watoto

Wafundishe watoto kama unavyowafundisha kuvuka barabara:

1. Mbwa anakula, usimsogelee.
2. Mbwa amelala, usimguse.
3. Mbwa ana watoto, kaa mbali.
4. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, tazama ardhi.
5. Ukianguka, jikunje kama jiwe na ufunike uso na masikio.
6. Mbwa akikung'ata au kukukwangua, hata kidogo, sema. Hakuna atakayekuchapa.

Hiyo ya sita irudie mara nyingi. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa, na siku zinapita.

Na kwako mzazi: mtoto wa chini ya miaka 6 asiachwe peke yake na mbwa yeyote. Hata yule mpole kuliko wote.

Mtoto aking'atwa

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Usipake pilipili, mafuta, majivu wala dawa ya kienyeji. Kisha peleka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wenu. Chanjo ina siku zake maalumu, asiruke hata moja.

Mbwa usimuue na kumtupa kama unaweza kumfungia kwa usalama. Toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata, achunguzwe kwa siku 10. Akifa ndani ya muda huo, usimguse, tuite, sampuli ipelekwe maabara.

Mwisho, piga hesabu

Wewe ni mfanyabiashara, kwa hiyo mbwa naye aingie kwenye daftari. Gharama ya kununua ni ya siku moja, ya kulisha ni ya miaka. Mbwa mdogo ukimlisha kwa Sh 1,000 kwa siku, mwaka ni Sh 365,000. Mbwa mkubwa ukimlisha kwa Sh 3,000, mwaka ni Sh 1,095,000. Weka bei za kwako, kisha ongeza dawa ya minyoo, kupe na chanjo. Ukiona namba ya mwisho inakushinda, punguza ukubwa wa mbwa. Chanjo usiiguse.

Nikiulizwa leo na familia yenye watoto watatu na kuku 300, jibu langu ni hili: mtoto jike wa kienyeji au chotara, wiki 8, kutoka kwa mama mpole unayemjua, mwenye kadi ya chanjo, akuzwe pamoja na kuku na watoto. Kama eneo lina fisi wengi, chukua wawili, kisha imarisha zizi. Mbwa hubweka, lakini fisi huzuiwa na zizi imara.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na lengo la dunia ni kufika mwaka 2030 bila mtu hata mmoja kufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Usisubiri tarehe hiyo. Ukiwa na mbwa ambaye hajachanjwa, pita ofisi ya mifugo ya kata yako wiki hii, na umbebe na mtoto wako aone mbwa wake akichomwa sindano. Atakumbuka kuliko somo lolote nitakaloandika.

Kazi njema.